Mkia wa Gari la Mkunga

"Jirani, yule shemeji yako anatafuta nini barabarani kila mvua inaponyesha?"

Aliyeniuliza ni mshonaji nguo ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, ikabidi aniulize kwa sauti ya mtu anayegombana, amesimama barazani kwake na mkasi mkononi. Nikatazama kule alikokuwa anatazama yeye. Kwenye kona, pale barabara ya kilimani inaposhuka na kupita juu ya kalvati la kupitishia maji, alisimama mwanamume aliyejifunika gunia kichwani. Kila gari lililopita alilisindikiza kwa macho, kisha akainama kuchungulia lami kama mtu aliyedondosha pete.

Nikamjibu kwamba shemeji yangu anatafuta ugonjwa.

"Ugonjwa hautafutwi, jirani," akasema. "Wenyewe unaijua njia." Akarudi kwenye cherehani yake.

Mtu yule wa gunia ni mume wa mdogo wangu, fundi magari. Wenzake wa gereji wamempa jina la Tulia, kwa sababu kutulia ndicho kitu pekee asichokiweza. Akija kwangu hukaa ukingoni mwa kiti, utadhani anangoja kuitwa. Ukimpa chai huizungusha kikombeni mpaka ipoe. Mlango ukilia, hajasalimia watu, ameshauliza mafuta ya kupaka bawaba yako wapi. Kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango, na siku moja, sala ya toba imefika katikati na sote tumefumba macho, nilimsikia ananong'ona, "Huyo anayepita nje hana breki za nyuma." Mchungaji naye akakatisha na kusema amina. Nafikiri alikuwa amemsikia.

Siku wazee wake walipokuja kuposa, maneno yakiwa yamenoga, kiti chake kilionekana kitupu. Walimkuta uani amelala kifudifudi, mkono wote umeingia kwenye pampu ya maji ya mama yetu, pampu iliyokuwa imegoma tangu mwaka uliotangulia. Baba alinuna. Mama akasema, "Mpeni. Huyu hata akikosea, atakosea akiwa anafanya kazi." Akapewa.

Mdogo wangu yeye Mungu alimuumba kwa udongo mwingine. Ni mkunga kwenye zahanati ya kilimani, na sijawahi kumwona anakimbia. Mama mjamzito anaweza kupiga yowe la kuvunja vioo, yeye atamwambia taratibu, "Nimekusikia, mama, sasa vuta pumzi." Ana gari dogo jeupe, jepesi, la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Ndilo linalompandisha kazini, na mama akishindikana zahanati, ndilo linalomshusha mpaka hospitali ya chini. Njia ya kushukia ni hiyo hiyo moja, na kona ni hiyo ya kalvati, mbele ya dirisha langu.

Mvua za kwanza za mwaka ule zilinikuta dirishani nachambua mchele. Nikaliona gari jeupe linashuka, nikainua mkono kumpungia kama kawaida yangu. Lilipofika kwenye kona, mkia wake ukatoka nje. Sijui niseme vipi. Kichwa kilikuwa kinageuka vizuri, ila nyuma kukakataa kufuata, kukazunguka peke yake, na gari zima likageuka likatazama lilikotoka. Likasimama gurudumu moja la nyuma likining'inia juu ya mtaro. Sinia la mchele lilinitoka mkononi.

Nilipofika, mdogo wangu alikuwa ameshashuka, anafunga kilemba chake upya. Hakuwa na mtu nyuma siku ile, namshukuru Mungu. Akaniomba maji. Nilipomletea, alikunywa kikombe chote kwa mkupuo mmoja.

"Ulikuwa unakimbia?" nikamuuliza.

"Dada, mimi nimewahi kukimbia?"

"Ulikanyaga breki?"

"Niliondoa mguu tu kwenye mafuta, nipunguze mwendo. Basi nyuma ikaniacha."

Tangu siku hiyo Tulia hakulala, na sisi nasi hatukulala vizuri. Mdogo wangu alisema usiku anamsikia anazungusha usukani usingizini. Gari aliliingiza gereji akalifungua kama anayetafuta sindano kwenye godoro. Shokabsoba za nyuma akatoa, akatia nyingine. Bushi za ekseli, zile raba za kwenye maungio, akabadili. Akafunga uzi kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, akapima kama yote yanatazama njia moja, akakuta yananyooka. Akapunguza upepo, kwa sababu pale gereji wana tabia ya kujaza tairi mpaka liwe gumu kama ngoma. Kila akimaliza, hulipeleka kwenye kona jua likiwaka, na gari linapita sawasawa bila kosa. Mvua ikinyesha, mkia unatoka. Si kila mara, na hilo ndilo lililokuwa linamla. Mara mbili mdogo wangu aliponea chupuchupu, na mara ya pili kulikuwa na mama mwenye uchungu amelala kiti cha nyuma.

Ndipo alipoanza kusimama barabarani na gunia. Alitaka kujua kama kosa ni la kona. Alikwangua matope, akamwaga pumba za mbao mahali alipodhani pana mafuta, akayalaumu maji yanayovuka kutoka mtaroni. Lakini malori yalipita. Pikapu la kaka yake mshonaji, ambalo mlango wake umefungwa kwa waya, lilipita. Gari la mkewe tu ndilo lililoteleza.

Jumapili moja baada ya ibada walikuja kwangu wote wawili. Mvua ilikuwa imekatika, ila mbingu zilikuwa bado zimenuna. Mdogo wangu alikuwa anatakiwa kazini mchana. Akanyoosha mkono kwa mumewe.

"Funguo."

"Funguo zipi?"

"Zilizo kwenye soksi yako ya kulia. Tangu kanisani unachechemea."

Tulia akatazama dari. "Mvua haijaisha, mke wangu. Yaone mawingu yale."

"Na mimba nazo hazijaisha. Niwaambie watoto wasizaliwe mpaka kiangazi?"

"Chukua teksi."

"Mama mwenye uchungu nikamshushe kwa teksi, nayo nianze kuitafuta kilimani na mvua? Nipe funguo zangu."

"Sikupi gari la kukuua."

Mimi nikajifanya natafuta sukari. Mara nyingi hao wawili hutaniana, lakini hilo halikuwa neno la utani. Mdogo wangu akaushusha mkono. Akavuta kiti akaketi mbele yake, magoti kwa magoti, vile anavyokaa na wagonjwa wake.

"Kaa vizuri," akamwambia.

"Nimekaa."

"Umekaa nusu. Kaa." Tulia akasogea nyuma kidogo. "Sikiliza. Mama akija kwangu analia tumbo, simfungui tumbo kwanza. Namuuliza maswali. Wewe hilo gari umelipasua mpaka utumbo, hujaliuliza hata neno moja."

"Gari halisemi."

"Basi lijibie wewe. Ugonjwa umeanza lini?"

"Mvua hizi."

"Na mvua za mwaka jana lilikuwa linateleza?"

"Hapana."

"Kati ya mvua zile na hizi, limekula nini kipya?"

"Shokabsoba, bushi..."

"Hizo ulitia baada ya kuugua. Nakuuliza kabla."

Tulia alikizungusha kikombe. Akakizungusha tena. Mwisho akasema, lakini kwa sauti ya chini, "Yale matairi ya nyuma."

Nayakumbuka matairi hayo. Katikati ya kiangazi mzee mmoja aliyestaafu alileta gereji gari lililokuwa limelala bandani miaka mingi, akataka livishwe matairi mapya yote. Tulia akayaangalia yaliyotolewa akaona mawili yana meno marefu kama yametoka dukani. Pale gereji wana kipimo chao kimoja ambacho kila mwanagenzi hufundishwa siku ya kwanza: unachomeka njiti ya kiberiti kwenye mtaro wa tairi, kichwa cha njiti kikizama, tairi ni zima. Njiti ikachomekwa, kichwa kikazama na zaidi. Akayaosha kwa sabuni, akayapaka rangi nyeusi yakang'aa, akamfungia mkewe nyuma, maana nyuma palikuwa na tairi kipara. Akaja kumwita nje afumbe macho. Mdogo wangu alinipigia simu siku hiyo anacheka, "Dada, wenzangu hupewa pete. Mimi nimepewa mviringo pia, ila mweusi."

"Yana meno," Tulia akasema sasa. "Nimeyapima. Njiti inazama yote."

"Sijasema hayana meno. Hata maiti ana meno."

Nikamwambia mdogo wangu auangalie ulimi wake, siku yenyewe ni Jumapili. Hakunisikia. Alikuwa anamtazama mumewe, na mumewe alikuwa anatazama sakafu.

"Umepima kila kitu kwenye lile gari," akamwambia, sasa kwa upole, "isipokuwa ulichonipa mwenyewe."

Tulia akainuka. Akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Akainama, akatoa funguo kwenye soksi, hakumpa. "Leo nakupeleka mimi," akasema. "Polepole, kwa gia ya kwanza, hata watu wa miguu wakitupita. Kesho nataka mahali penye sementi na maji."

Mahali hapo ninapajua, kwa sababu napafagia. Uwanja wa kanisa umesakafiwa kutoka getini mpaka ngazini, na una mteremko mdogo, mvua ikinyesha maji hutandaa juu yake kama shuka. Nikaenda kumwomba mchungaji. Akafikiri, akasema, "Sawa, mama, ilimradi asiniangushie nguzo ya kengele."

Kesho yake Mungu alifungulia mvua tangu asubuhi. Nilichukua ndoo za kikundi chetu cha akina mama, Tulia akazipanga zikachora kona kama ile ya kalvati. Mdogo wangu alisimama nami chini ya mwavuli mmoja, tayari amevaa sare ya kazi, kwa maana zamu yake ilikuwa inakaribia. Mchungaji alikuja akasimama ngazini. Mshonaji naye akaja, akasema amepita tu, ingawa mkanda wa kupimia ulikuwa bado shingoni.

Tulia alianza kwa mwendo wa kawaida. Akaingia kwenye kona ya ndoo, akaondoa mguu kwenye mafuta kama mkewe alivyoeleza. Mkia ukatoka, ukafagia ndoo mbili zikabingirika mpaka getini. Akarudia. Mkia ukatoka tena. Kila mara nilimshika mdogo wangu mkono, ingawa palikuwa ni kanisani na ndoo zilikuwa tupu.

"Fundi," mchungaji akamwita, "leo unalibatiza?"

"Ndiyo, mchungaji. Ila halitaki kutubu."

Akatia jeki palepale mvuani. Hakugusa shokabsoba wala kitu kingine. Alihamisha magurudumu tu: ya nyuma akayaleta mbele, ya mbele akayapeleka nyuma. Maji yalikuwa yanamchuruzika puani, naye haachi kusema peke yake. "Kama kosa ni la mwili, litabaki nyuma. Kama ni la viatu, litahama na viatu." Alilirudia hilo mara nyingi mpaka nikaona kama anasali, nikamsaidia kusali.

Akaingia tena kwenye kona. Safari hii mkia ulikaa kimya kabisa. Lakini kichwa sasa ndicho kilichokataa. Tuliyaona magurudumu ya mbele yamegeuzwa, na gari linakwenda mbele tu kama halikuambiwa kitu, likabeba ndoo moja kifuani, likasimama hatua chache kutoka ngazi za kanisa. Mchungaji alikuwa ameshapanda ngazi tatu bila kujijua.

Tulia hakushuka. Alikaa ndani, mikono juu ya usukani, kioo kinafutwa na kulowana, kinafutwa na kulowana. Ndiyo siku ya kwanza nilipomwona ametulia, na haikunifurahisha. Mdogo wangu akatoka chini ya mwavuli, akaenda akamfungulia mlango.

"Umehama," akamwambia mkewe. "Ugonjwa umehama na viatu."

Akashuka, akachuchumaa, akabonyeza tairi la mbele kwa ukucha. Ukucha haukuingia. Akabonyeza la nyuma, ukaacha alama. Akatuita tuje tujaribu, na ni kweli, lile la mbele lilikuwa kama ukwato wa mbuzi. Alipofuta ile rangi nyeusi kwa kiganja, pembeni zikaonekana nyufa nyembamba, kama kisigino kisichopakwa mafuta. Akatueleza kwamba meno ya tairi kazi yake ni kufukuza maji. Kinachoshika barabara ni ngozi, na ngozi ya mpira huzeeka hata gari likiwa limelala bandani. Lami ikiwa kavu hutambui kitu. Ikilowa, ni kama unatembea kwenye kigae na viatu vya mbao.

Kisha akasugua ubavuni, zikajitokeza tarakimu nne ndani ya kiduara. "Juma lililotengenezwa," akasema, "na mwaka."

Mdogo wangu aliinama akasoma. Akakunja vidole kimoja kimoja, nikajua anahesabu. "Hili limezaliwa kabla ya kitindamimba wa mama yetu," akasema, "naye sasa ananyoa ndevu." Akamgeukia mumewe. "Yaani tairi nalo lina tarehe ya kuzaliwa?"

"Linayo."

"Mimi mkunga, mume wangu. Ukaniletea kitu chenye tarehe ya kuzaliwa, hukunisomea?"

"Gereji hatusomi. Tunachomeka njiti."

Mshonaji akacheka, mchungaji akacheka, hata mdogo wangu akacheka. Tulia hakucheka. Alikuwa bado amechuchumaa, kiganja kimekuwa cheusi kwa ile rangi aliyoipaka mwenyewe. "Nilikuvisha kwa mkono wangu," akasema. Mdogo wangu akamshika bega lililolowa. Halafu akamwambia zamu imefika, naye akampandisha tena kwa gia ya kwanza.

Jioni ile Tulia alinunua mawili mapya, akayasoma tarehe mbele ya muuza duka mpaka muuza duka akaudhika. Akayafunga nyuma. Wenzake gereji wakamzomea, maana kule sheria yao ni kwamba gari linalovutwa mbele, kipya kinakwenda mbele. "Tulia, umevaa suruali kinyume," mmoja akamwambia. Akajibu, "Mbele ikianza kuniacha, usukani huniambia mapema. Nyuma ikiondoka haiagi." Yale mazee hakuyatupa nyuma ya gereji, mahali ambapo mwingine angeyaokota kwa ajili ya meno yake. Aliyakata kwa msumeno vipande vipande, na njiti zake za kiberiti siku hizi ni za kuwashia jiko.

Siku chache baadaye ikaja mvua niliyokuwa naiogopa. Ilianza mchana, ikapiga mpaka kalvati likajaa na maji yakavuka barabara. Nilikaa dirishani na kitabu changu cha zaburi, nasoma mstari uleule bila kuuelewa. Nikaliona gari jeupe linatokea juu, taa zimewaka. Kwenye kiti cha nyuma niliona mkono wa mtu umeshika kishikio cha juu, umekikaza kwelikweli. Alikuwa na mama mwenye uchungu. Likaingia kwenye kona. Nikafunga kitabu kidole kikiwa ndani. Nyuma ikafuata mbele, taratibu, kama kondoo anayemfuata mama yake, maji yakaruka pembeni, likapita. Akanipigia honi mara moja akateremka zake.

Nilipoteremsha macho, ng'ambo ya barabara nikaliona gunia.

Alivuka akaja mpaka barazani kwangu, anachuruzika. Mshonaji alikuwa mlangoni kwake.

"Fundi, mgonjwa si ameshapona? Sasa unatafuta nini tena?"

"Usingizi," Tulia akamjibu.

Nikamvutia kiti, hakukiona. Nikamwambia amesimama mwenyewe ameona kwa macho yake, mkia haukutikisika, na Mungu amemsaidia, basi akae anywe chai. Akasema ameona. Akasema lile lilikuwa limebeba uzito nyuma, huenda likiwa tupu likawa vingine. Akasema pia kesho anakwenda kutengeneza lori mbali, hatakuwepo, na mawingu ameyaona. Alikuwa anazungumza huku anasukumasukuma bawaba ya mlango wangu kwa kidole, mlango ambao haujalia tangu alipoupaka mafuta. Akatazama kwenye kona, akanitazama mimi.

"Shemeji," akasema, "kesho mvua ikinyesha, akishapita hapa, naomba unipigie."